Kaseti ya Mtu wa Shoka

Nilipokuwa mtoto, kule kijijini Yakobi, bibi mzaa baba alikuwa na miiko mingi, na mmoja ulihusu watoto wachanga. Aliyeona mtu akifa asimguse mtoto kabla hajanawishwa macho. Kifo, alisema bibi, hubaki machoni kama moshi unavyobaki kwenye nguo, na mtoto ambaye utosi wake haujafunga hukivuta. Mimi nilisikia tu. Nilikuwa na miaka kumi na sikuwahi kuona mtu akifa.

Mwaka ule mama alijifungua mdogo wangu Tumaini, baada ya mimba mbili kuharibika. Ili nyumba itulie, mimi nikapelekwa Makambako kwa shangazi Eliza, fundi cherehani. Zilikuwa enzi za ruksa, biashara zilipofunguliwa. Maduka ambayo juzijuzi tulipangia foleni ya sabuni, sasa yalikuwa na biskuti, redio za kaseti na viatu vya plastiki vya kila rangi. Jirani ya shangazi, Mzee Salumu, mwenye malori, alikuwa ameleta televisheni na deki ya video. Binti yake Zuhura alikuwa rika langu, na siku ya pili tu tukawa marafiki.

Jumamosi moja mchana, kaka yake Zuhura alipata kaseti. Tuliketi mkekani, jenereta likinguruma uani. Kaseti ilikuwa imenakiliwa mara nyingi mno. Picha ilikuwa na mikwaruzo, na rangi zilivuja kama kitenge kilichochuja. Vijana watano walikwenda kupumzika katika nyumba ya mbao msituni, na mtu mwenye shoka, ambaye hatukumwona uso, akawamaliza mmoja baada ya mwingine. Akabaki mmoja tu.

Kilichonitisha zaidi ya shoka ni msitu wenyewe. Ulikuwa wa misonobari iliyopandwa kwa mistari, na ukungu chini yake, kama ule tunaoupita kwetu tukienda kanisani. Msichana mwenye sweta la njano alipoanguka, nikalia.

"Unalia nini?" Zuhura akaniuliza. "Hayo ni maigizo. Wanapakwa rangi."

"Mbona haamki, sasa?"

Akafikiri kidogo. "Aliamka walipozima kamera."

Niliporudi Yakobi, bibi alinipokea mlangoni. "Huko ulikotoka umekutana na msiba?"

"Hapana, bibi," nikajibu, nikaingia moja kwa moja kumpakata mtoto.

Siku ya tatu Tumaini akaanza kukohoa na kuchemka mwili. Mama alitaka wampeleke hospitali Njombe. Bibi akakataa, alisema ni baridi tu, mvuke wa majani utamtosha, na mtoto mchanga hatolewi kwenye manyunyu. Baba hakuwa mtu wa kubishana na mama yake. Siku mbili zikapita hivyo. Kila nikisikia ule mkoromo wa kifuani, nilijua ni nani aliyeuleta.

Asubuhi ya siku ya tatu ya homa, nilimfuata bibi jikoni. Alikuwa anamenya viazi.

"Bibi, nilikudanganya. Niliona watu wakifa."

Kisu kikasimama. "Wangapi?"

"Wanne. Kwenye video, kwa akina Zuhura."

Nikamweleza yote, mpaka shoka na sweta. Nilingoja anicheke au anichape. Bibi akauliza, "Walizikwa?"

"Sijui. Picha iliisha."

"Wala hakuna aliyewalilia?"

"Mimi tu, bibi."

Akaweka kisu chini. Kisha akachota maji kwenye bakuli, akaninawisha macho kwa mkono wake, taratibu, bila neno la ukali. Alipomaliza akaenda chumbani kwa mama. Nilimsikia akisema, "Mfunike mtoto. Hili limenizidi, si la mvuke. Nendeni hospitali sasa hivi."

Ilikuwa nimonia. Daktari alimwambia mama kwamba kama wangengoja mpaka kesho yake, huenda wangempoteza mtoto. Walilazwa siku tisa. Walipotoka, nilimpokea Tumaini na kumfunga mgongoni kwangu, na karibu miaka mitatu hakuna aliyembeba zaidi kuliko mimi.

Leo naishi Makambako. Mwaka jana nilikuta sinema ile imetolewa upya kwenye diski, picha imesafishwa. Tumaini, ambaye sasa ni mwalimu, alikuwa amekuja kunitembelea, tukaitazama mchana mvua ikinyesha. Damu ilikuwa rangi tupu, nyekundu kama juisi ya unga. Mwishoni waliongeza mahojiano na waigizaji. Msichana wa sweta la njano ni bibi mwenye mvi sasa. Alikuwa akicheka, akieleza jinsi alivyosikia baridi kulala pale chini. Nilifurahi kumwona, kama unavyofurahi kumwona ndugu aliyepotea.

Ndipo nikamsimulia Tumaini habari nzima. Sikuwa nimewahi kumwambia.

"Kwa hiyo dada, unaamini ulinitia homa?"

Siamini, na nilimwambia hivyo. Bibi alikosea kuhusu chanzo cha ugonjwa, na alikosea zaidi kuhusu mvuke. Hilo la pili nusura litugharimu mtoto. Lakini bila mwiko wake nisingeogopa, na bila kuogopa nisingekwenda jikoni kusema kweli. Tena yeye peke yake ndiye aliyewaulizia wale vijana kama watu. Sisi wengine tulibonyeza kitufe tukaenda kula.

Tumaini alikuwa bado ananitazama. "Na kule kunibeba? Ilikuwa hofu?"

"Mwanzoni, ndiyo."

"Baadaye je?"

Sikumbuki hofu iliisha lini. Nakumbuka tu siku moja njiani mama aliniambia nimshushe, mtoto ana miguu yake. Tumaini akaning'ang'ania shingo, akakataa kushuka, nami sikutaka ashuke.