Redio Alivyozima Gari Mlimani

Huyu ninayemsema ni mtoto wa mdogo wangu. Mama yake alifariki yeye ndio kwanza anatambaa, nikamchukua, nikamlea kwa uji na kelele. Mimi ananiita mama mkubwa. Mtaa mzima unamwita Redio, maana tangu alipojua kusema hakuna aliyeweza kumzima. Ukimtuma chumvi atakurudia na habari za kila nyumba aliyopita, chumvi kasahau.

Shule ilimshinda kama ilivyonishinda mimi, ila gari lilimkubali. Akapata kazi ya kuendesha gari la mikate. Gari jeupe, ndani rafu za mbao, trei juu ya trei. Bekari iko juu kabisa mlimani, na maduka yanayongoja mikate yako chini kwenye soko. Sisi tuko katikati, kwenye kona. Alfajiri anapakia, anateremka, anagawa, anapanda tena na trei tupu. Alipooa, mkewe akawa anaamka kabla yake kumpigia pasi shati, kana kwamba mikate inaangalia shati.

Sasa mwenye bekari alikuwa na utaratibu wake. Kila mwisho wa mwaka, dereva aliyetumia mafuta kidogo kuliko wenzake anapewa zawadi mbele ya wafanyakazi wote, na makofi anapigiwa. Redio na makofi unawajua wewe? Mtu huyo angeweza kuuza figo apigiwe makofi. Akagundua dawa yake. Anapofika juu, pale barabara inapoanza kuinama, anazima gari. Anazima kabisa. Gari linateremka lenyewe kwa uzito wa mikate, kimya kama paka, mpaka sokoni.

Alinieleza mwenyewe huku anakula.

"Gari lisilo na injini ni jiwe," nikamwambia. "Na jiwe halina adabu."

"Mama mkubwa, wewe umewahi kuendesha nini zaidi ya jembe?"

"Nimekuendesha wewe, na umenishinda."

Akacheka mpaka akapaliwa. Mkewe akamgonga mgongoni. Hakuna aliyeendelea na maneno hayo, maana Redio alikuwa ameshahamia kwenye habari nyingine.

Naomba ujue kitu kimoja kuhusu kona yetu. Upande wa juu kuna ukuta mrefu wa ghala, huoni kinachokuja. Kwa hiyo sisi wa pale tunavuka barabara kwa masikio. Unasimama pembeni, unasikiliza. Ukisikia mngurumo unangoja, usiposikia unavuka. Hatukufundishwa na mtu. Tumekua hivyo, na Redio amekua hivyo hivyo. Alipokuwa mdogo nilikuwa namshika sikio pale pembeni, namwambia tumia hili. Analijua vizuri kuliko jina lake.

Mwaka ule akashinda zawadi. Mshindi huambiwa achague, wenzake wa miaka ya nyuma walichagua masufuria na matochi, yeye akachagua kitambaa cha gauni. Bluu, na vimaua vyeupe. Akaniletea mikononi, anatembea kama bwana harusi.

"Hiki ni cha mafuta niliyobana, mama mkubwa. Ukashone, uache kuvaa hilo pazia."

Nilifurahi. Siwezi kusema sikufurahi. Nikakipeleka ng'ambo ya barabara kwa fundi cherehani.

Fundi huyo tuliolewa mtaa ule mwaka mmoja, yeye ng'ambo ile, mimi hii. Tumezaa, tumezika, tumegombana, tumepatana, kote huko barabara iko katikati. Alikuwa na tabia ya kuweka pini mdomoni, midomo imefumbwa, na bado anakusengenya maneno yote yakasikika. Akanipima kiuno, akaguna.

"Kitambaa kimeishia makalioni, mikono haina kitu. Mwambie mwanao azime gari na mwaka huu, tupate cha mikono."

Tukacheka wote wawili, na binti yake pale kwenye cherehani ya pili akacheka.

Siku yenyewe fundi alikuwa ananiletea gauni nilijaribu. Lilikuwa begani kwake, pini bado zimo. Fundi hakuwa mtu wa kumngoja mteja, alikuwa anakufuata mpaka jikoni. Binti yake alikuwa barazani, alimwona. Anasema mama alisimama pembeni, akainamisha kichwa kidogo kama tunavyofanya sote. Akasikiliza. Hakusikia kitu, akavuka.

Hapakuwa na cha kusikia. Lile gari lilikuwa limezimwa.

Mimi nilisikia ukuta tu. Nilipotoka, gari limejikunja kwenye ukuta wa ghala, mikate imetapakaa barabara nzima, inaviringika kuelekea sokoni. Mtaa ule watu wanagombania mkate wa jana, lakini siku ile hakuna aliyeinama kuokota. Fundi alikuwa amelala upande, kama mtu aliyechoka. Redio amekaa chini, mikono kichwani, anarudia neno moja: "Breki zimekataa. Breki zimekataa."

Na polisi wakaandika hivyo hivyo. Breki zimekataa.

Sasa hapo ndipo ninapomshika mpaka leo. Gari likizimwa breki inakuwa ngumu kama gogo, unakanyaga haiingii. Kwa hiyo uongo wake ulikuwa na kipande cha ukweli ndani, na uongo wa namna hiyo ndio mbaya. Baada ya kugonga alirudisha ufunguo kama vile gari lilikuwa linawaka. Na kwa vile pua yote ya gari ilisagika, mipira ya breki ikapasuka, mkaguzi wa magari akasema hawezi kujua breki zilikuwaje kabla. Likabaki neno la dereva.

Na nani alikuwa ametengeneza breki zile wiki ile ile? Shemeji yake, kaka wa mke wake. Makanika mwenye banda la mabati pale chini, mtu wa maneno machache, mikono haitoki oili hata siku ya sikukuu. Polisi wakamfuata, wakampeleka mahabusu.

Redio akapata dhamana, akaja kukaa kwangu kungoja kesi, kwa sababu kwake mke hamsemeshi. Mkewe, yule binti wa watu, alikuwa anapika sufuria moja, anagawa: nusu anampelekea kaka yake mahabusu, nusu anamletea mume wake kwangu. Anaweka bakuli mezani, anageuka, anaondoka. Kesho yake anarudia.

Bekari ikaleta wakili. Kijana nadhifu, akakaa kwenye kiti changu chenye mguu mbovu, akatuelezea taratibu. Shtaka ni kusababisha kifo kwa kuendesha gari kwa hatari. Breki zikiwa mbovu, hiyo ni ajali, dereva anarudi nyumbani, na makanika atajibu mwenyewe. Lakini kama dereva alizima gari kwa makusudi mlimani, hiyo ni jela, na leseni inachukuliwa.

"Shikilia maelezo yako ya kwanza," akamwambia. "Usiongeze, usipunguze."

"Na makanika je?" nikauliza.

"Mama, mimi ni wakili wa huyu."

"Nimesikia. Na mimi ni mama mkubwa wa huyu, ndiyo maana nauliza."

Alipoondoka Redio akanigeukia. Alikuwa amepata habari kwamba nilikwenda polisi kueleza kwamba kila siku anazima gari pale juu.

"Umeniuza, mama mkubwa."

"Ningekuuza ningepata pesa. Nimekutoa bure."

"Hukuwepo barabarani. Hukuona kama siku ile nilizima."

"Sikuona. Hiyo ndiyo anayoifurahia wakili wako. Wewe je, ulizima?"

Akaangalia sakafu. 

"Nikisema, nafungwa. Nina watoto."

"Kwani shemeji yako hana? Naye ana watoto. Na fundi alikuwa na binti."

"Shemeji watamwachia tu. Hawana ushahidi."

"Basi kama watamwachia, kwa nini ulimtwika kosa lako?"

Akainuka, akatoka nje, akakaa kwenye ngazi. Nilimwachia bakuli lake mlangoni likapoa. Sikumbembeleza. Nilikuwa nimemlea, nimemfuta makamasi, nimemshika sikio pale pembeni ya barabara, na sasa namwangalia mgongo wake nikawa namtafuta yule mtoto ndani yake simwoni.

Siku ya kesi alikana kosa. Alisema "si kweli" kwa sauti nzuri, wazi, kama anatangaza. Mke wake alikuwa amekaa upande wa kaka yake. Hakimu alikuwa mwanamke wa makamo, miwani imeshuka puani. Akaitwa binti wa fundi. Akaeleza mama alivyosimama, alivyosikiliza, alivyovuka. Halafu mwendesha mashtaka akachukua mfuko wa plastiki mezani, akatoa nguo, akamwuliza kama anaitambua.

Lilikuwa gauni langu. Bluu na vimaua vyeupe, bado halina mikono. Pini zimeshika kutu.

"Alikuwa analipeleka ng'ambo kwa mwenyewe," binti akasema.

Redio hakujua kwamba fundi alikufa akiniletea gauni lile. Sikuwa nimemwambia, na polisi hawakuwa na sababu ya kumwambia. Alilitambua mara moja, alikichagua kitambaa kile mwenyewe mbele ya watu na makofi. Nilimwona anakiangalia, halafu ananiangalia mimi, halafu anakiangalia tena. Wakili wake akamvuta shati akae. Hakukaa.

"Mheshimiwa, breki zilikuwa nzima," akasema. "Gari nilizima mimi. Nilizima juu kabisa, kama kila siku. Shemeji yangu hana kosa. Nilikuwa nabana mafuta."

Hakimu akamwuliza kama anajua anachokisema. Akasema anajua. Wakasoma shtaka upya, akakubali.

Hayo ndiyo maneno machache kuliko yote niliyowahi kumsikia.

Alipewa miaka mitatu, na leseni akanyang'anywa. Hakimu alisema amepunguza kwa kuwa amekiri, lakini hakumwachia hivi hivi. Alimwambia kwamba mtu aliyekulia kwenye kona ile alijua kuliko dereva mwingine yeyote maana ya gari lisilosikika, na kwamba kumtwika shemeji yake ilikuwa kosa la pili juu ya la kwanza. Nilitamani kuinuka niseme ndiyo, ila mahakamani hawataki.

Makanika aliachiwa siku ile ile. Lakini watu ni watu. Banda lake likabaki na gari moja bovu na kuku. Ukimwambia mtu breki za yule zilikuwa nzima, anakujibu ndiyo najua, halafu anapeleka gari kwingine. Mwisho alifunga, akahamia kwa wakwe zake. Neno la Redio la kwanza lilitembea haraka, la pili halikulifikia.

Redio alirudi akiwa amekonda, kichwa kimeanza mvi. Sasa ni mbeba trei pale pale bekari, anapakia magari wanayoendesha wengine. Mke amempokea, sijui kwa moyo gani, sijamwuliza. Mtaani bado wanamwita Redio kwa mazoea, lakini ukikaa naye mnaweza kumaliza chai nzima bila neno.

Wiki ya kwanza alikuja kwangu. Alikula, akaosha sahani mwenyewe, akasimama mlangoni.

"Mama mkubwa, umenisamehe?"

"Kamwulize fundi."

"Fundi hayupo."

"Basi."

 Gauni polisi walinirudishia baada ya kesi, liko sandukuni, halina mikono hadi leo. Binti wa fundi aliniomba alimalizie, nikamwambia aliache. Redio akatoka, akafika pembeni ya barabara, akasimama. Akainamisha kichwa, akasikiliza. Hapakuwa na gari kabisa, mtoto angeweza kuvuka anacheza. Yeye akaendelea kusikiliza, na mimi mlangoni nikawa namwangalia. Sikumwambia avuke.