Mlio wa Kuamkia Wayrapata

Kwa miaka kumi na saba mimi ndiye niliyewaamsha watu wa Wayrapata, mji wetu wa wachimba bati kule milimani, na nakiri kwamba niliwaamsha vibaya. Nilikuwa fundi umeme wa ushirika wa wachimbaji. Kila siku saa kumi na moja alfajiri nilibonyeza kitufe chekundu ukutani, king'ora kikalia kwenye spika za barabarani kutoka mlango wa mgodi hadi nyumba ya mwisho kule juu, karibu na makaburi. Hakuna aliyelala kupita mlio ule. Watoto walikojoa kitandani, wazee wakashika vifua. Mbwa walianza kubweka dakika moja kabla, maana hata wao walishajua. Sisi tuliuzoea kama tulivyozoea baridi.

Aliyebadilisha mambo ni Bernardina Colque. Alikuwa mmoja wa wanawake wanaoponda mawe kwenye lundo la mabaki ya mgodi, wakitafuta bati lililowaponyoka wanaume. Ni kazi ya kukaa chini kutwa nzima na nyundo, juani na kwenye theluji, na wengi huifanya baada ya mgodi kuwachukua waume zao. Bernardina alikuwa mwepesi kuliko wenzake kwa sababu hakuhitaji kulipasua jiwe ili ajue lina nini. Aliligonga mara moja tu na kusikiliza. Wenzake walipobishana juu ya jiwe walimpelekea yeye. Aligonga, akasema "lina kitu" au "tupa", kisha akaendelea kutafuna majani yake ya koka. Sikumbuki siku aliyokosea.

Mumewe, Severo, alifia mgodini, na katika kifo kile na mimi nimo. Alikuwa zamu ya usiku. Mwamba uliporomoka saa kumi na moja kasoro dakika nane. Msimamizi alinipigia simu kutoka chini, nami nikabonyeza king'ora mara tatu, kama kanuni inavyosema: mara moja ni kuamka, mara tatu ni hatari. Lakini nani huhesabu akiwa usingizini? Watu walisikia mlio wa kwanza, miguu yao ikashuka kitandani yenyewe. Walidhani kumekucha. Wakawasha majiko, wakachemsha uji wa mahindi, wakavaa taratibu. Bernardina mwenyewe alikaa akimenya viazi vya chakula cha mumewe atakaporudi. Zilipita karibu dakika hamsini kabla wanaume wa kutosha hawajafika kwenye mlango wa mgodi, na Severo alikufa katika zile dakika za mwisho. Waliomtoa walisema mwili ulikuwa bado na joto.

Bernardina hakunilaumu hata siku moja. Ila miaka minne baadaye alikuja kibandani kwangu mchana, akasimama akikitazama kile kitufe, akaniuliza kama kwenye zile spika za barabarani naweza kupitisha sauti nyingine. Nikamwambia naweza kupitisha chochote kilichorekodiwa. Akashukuru, akaenda zake.

Jumapili iliyofuata ulikuwa mkutano mkuu wa ushirika. Waponda mawe wana haki ya kuhudhuria, lakini hukaa nyuma na kwa kawaida hawasemi. Bernardina alisimama. Alisema king'ora kiachwe kwa ajali peke yake, na asubuhi watu waamshwe na kitu kingine, kitu kizuri.

Mwenyekiti wetu, Fermín Arancibia, alikuwa mtu wa haki lakini mwenye ulimi mkali. Alivua kofia, akajikuna kichwa.

"Kwa hiyo tuwabembeleze wachimbaji, Mama Colque? Tuwapelekee na chai kitandani?"

Ukumbi mzima ukacheka. Bernardina akangoja mpaka kicheko kiishe.

"Chai watajipikia," akasema. "Mimi nataka king'ora kiwe na neno moja tu."

"Neno gani?"

"Njooni mbio."

Hapo hakuna aliyecheka. Kila mtu mle ndani alikuwa na dakika hamsini zake za asubuhi ile. Arancibia akatoa hukumu: mwezi mmoja wa majaribio. Saa kumi na moja Bernardina apige cha kwake. Ikifika na robo na watu hawajatoka nje, Teo, yaani mimi, abonyeze kitufe kama zamani. Mwezi ukiisha bila mafanikio, neno hilo lisirudi tena mkutanoni.

Tulianza na gitaa dogo la mwalimu wa shule, ambaye kwa kweli anajua kulipiga. Alirekodi vipande vitatu laini. Saa kumi na moja nikavirusha hewani, na mji wote ukalala vizuri zaidi. Nilikaa dirishani nikitafuta taa moja iwake, haikuwaka. Na robo ilipofika nikabonyeza. Baadaye kwenye lundo la mawe wanawake walimtania Bernardina kwamba waume zao wamemshukuru sana, wanaomba na mito.

Siku ya tano akaamua kwenda upande wa pili kabisa: bendi ya matarumbeta ya sikukuu yetu. Hapo watu waliamka, siwezi kukataa, lakini waliamka na hasira. Vichanga vililia hadi mchana. Jirani yake mmoja alimjia uani mikono kiunoni.

"Berna, mume wangu kaamka anatafuta bia. Kavaa na kinyago cha ngoma ya sikukuu. Sasa huyo nimpeleke mgodini vipi?"

Bernardina akamwomba radhi, akaja kwangu kuzima matarumbeta.

Jaribio la tatu hakuliomba kwa mtu. Alileta kanda ya Severo mwenyewe, yenye wimbo aliokuwa akiupenda, wimbo wa milimani unaoanza polepole na kupanda. Huo ulifaa. Siku ya pili watu wengi walikuwa nje kabla ya robo, siku ya nne karibu wote. Mimi nilishaanza kusherehekea moyoni. Siku ya sita akaja kibandani, akaitoa kanda mashineni kwa mkono wake.

"Ule wimbo nimeuua, Teo," akasema. "Jana wameupiga dukani, mimi nikaanza kutafuta viatu vya kazi. Severo hata sikumkumbuka."

Nikamwambia avumilie, kwani wimbo umefanya kazi. Akakataa. Akasema mtu asiamshwe na kitu anachokipenda tayari, maana baada ya wiki kitakuwa ni kazi tu, na mapenzi yatakuwa yameondoka. Aliifunga ile kanda kwenye kitambaa, na kwa miaka mingi hakuipiga, akingoja wimbo upone.

Zilibaki siku kumi na mbili. Kila asubuhi nilirudi kubonyeza, na Arancibia alipokutana nami alitikisa kichwa kwa huruma, jambo lililoniudhi kuliko kama angecheka. Bernardina aliacha kujaribu. Alianza kwenda nyumba kwa nyumba jioni, baada ya kazi, na kila alikoingia aliuliza swali moja: ulipokuwa mtoto, kabla hujaja huku mgodini, uliamshwa na nini?

Watu walishangaa jinsi walivyokumbuka. Mmoja alisema jiwe la kusagia la bibi yake. Mwingine, kikohozi cha baba. Kuna aliyesema matone ya mvua kwenye sufuria, na mzee mmoja alisema njaa, akacheka mwenyewe. Lakini sisi wengi ni watu wa vijiji vya nyanda za juu, na nyumba baada ya nyumba jibu lilikuwa lile lile: lama, wanyama wetu wa sufu na mizigo, wakitoka zizini. Kengele ya yule kiongozi, halafu kundi zima likipita nyuma ya ukuta. Arancibia naye aliulizwa. Inasemekana alijibu kwamba hakumbuki, na Bernardina alipofika mlangoni akamwita arudi, akamwambia, "Lama."

Kesho yake Bernardina alipanda lori la mizigo kwenda kwa dada yake Nicolasa, anayefuga huko kwenye tambarare ya Janqomayu, mwendo wa siku nzima. Nilimpa kinasa sauti cha ushirika na kumwonyesha vitufe viwili. Alfajiri ya kwanza alirekodi upepo mtupu. Ya pili alirekodi mbwa. Siku ya tatu akakivisha kinasa sauti soksi yake ya sufu ili upepo usikiingie, akakiweka juu ya ukuta wa mawe, na yeye akalala kifudifudi kando yake kwenye umande ulioganda, asije akasikika akipumua.

Aliporudi tulisikiliza pamoja, mlango umefungwa. Mwanzoni hakuna kitu. Kisha kengele moja, mbali, mara tatu. Kimya. Kengele tena, na nyingine ndogo ikiijibu. Halafu miguu, miguu mingi kwenye kokoto, ikikaribia, kengele zikiongezeka mpaka unahisi wamejaa chumbani. Mwisho kabisa Nicolasa anapiga mluzi mmoja na kusema kwa Kikechua, lugha yetu ya nyumbani, "Haku." Twende. Basi.

Nilimuuliza kwa nini hiki na si kingine. Alifikiri.

"King'ora kinakuamrisha," akasema. "Hawa hawakuamrishi. Wanakupa habari tu kwamba wenzako wameshaamka na wanaondoka. Utabaki?"

Zilikuwa zimebaki siku nne. Asubuhi ya kwanza nilikaa kidole changu kikiwa karibu na kitufe, na sikuwahi kuomba Mungu kwa ajili ya spika kama siku ile. Kengele ya kwanza ilipita juu ya mabati ya nyumba. Dakika mbili, hakuna taa. Ya tatu ikawaka moja upande wa kanisani, kisha mbili, kisha sikuweza tena kuzihesabu. "Haku" iliposikika, milango ilikuwa ikifunguliwa. Mzee wa nyumba ya pembeni alitoka amejifunika blanketi, akatazama barabara juu na chini, akiwatafuta lama. Watoto walitoka wakicheka. Na robo ilipofika, wanaume walikuwa wakishuka kuelekea mgodini na vifurushi vyao vya chakula, wakizungumza. Zamani walikuwa wakishuka kimya.

Arancibia alikuwa amesimama langoni na saa mkononi. Alimhesabu mtu wa mwisho, akairudisha saa mfukoni.

"Kesho tena," akasema.

Ikawa tena kesho, na keshokutwa, na siku ya nne. Mkutano uliofuata haukupiga hata kura. Mwenyekiti alisema tu kwamba Mama Colque ameshinda, tuendelee na ajenda ya mbao. Bernardina alibaki nyuma amekaa, mikono mapajani, uso hauonyeshi kitu. Lakini mimi nilikuwa karibu, nikaona anavyokanyaga sakafu polepole kwa kisigino, kama mtu anayesikia ngoma.

Ilipita mwaka na miezi miwili. Mwezi wa Agosti, saa kumi na nusu alfajiri, dari ya ngazi ya tatu mgodini ilianguka na kuwafungia watu wawili, ndugu wa familia ya Ticona. Simu ilipolia nilibonyeza. Mara moja tu, kwa muda mrefu, maana hatukuwa na haja tena ya kuhesabisha watu. Wakaja mbio. Walikuja na mablanketi mabegani, wengine peku, wengine na kiatu kimoja, wanaume kwa wanawake, na wa kwanza kufika nilimwona kabla hata sijatoka kibandani. Hakuna aliyewasha jiko. Bernardina alikuwa miongoni mwao, akibeba nguzo ya mbao na mwanamke mwenzake. Jua lilipochomoza ndugu wale walikuwa nje, hai, mmoja amepoteza vidole viwili.

Nilipotoka nje Arancibia alikuwa amekaa kwenye jiwe, amechafuka vumbi. Bernardina alimpa maji. Alikunywa, akarudisha kikombe, akasema kwa sauti ya kawaida, mbele ya watu wote, "Nilikucheka ule mkutano, Mama Colque. Nilikosea." Naye akamjibu kwamba amesikia, na akaenda kuwatafutia wale vijana nguo kavu.

Habari zilisafiri. Mwaka uliofuata ulikuja ujumbe kutoka mgodi wa bondeni, kule kwenye joto na migomba, wakiomba nakala ya lama wetu. Bernardina alikataa katakata. Aliwaambia lama hawatawaamsha watu waliokulia na kasuku, watawashangaza tu. Badala yake alifunga safari mwenyewe, nami nikaenda naye kufunga nyaya.

Walitupokea ukumbini kwao, watu kama mia mbili wamejaa. Katibu wao alisimama kumtambulisha, akasema kwa heshima zote kwamba mgeni wao ni mjane wa marehemu Severo, mchimbaji aliyefia kazini. Bernardina alimgusa mkono, akasimama mbele yake. Alikuwa amevaa sketi yake ya sikukuu na kofia iliyopigwa brashi, na mikono yake ilikuwa ile ile ya nyundo, imepasuka.

"Mimi ni Bernardina Colque," akasema. "Ninaamsha watu."

Nilikuwa nyuma kabisa, juu ya ngazi, na waya mdomoni, kwa hiyo sikuweza kusema kitu. Lakini kama kuna mtu alitazama juu wakati ule aliniona ninavyocheka peke yangu kwa fahari, machozi yakinitoka. Yeye hakungoja makofi. Alivuta kiti hadi kwa mama mmoja wa safu ya mbele, akakaa wakitazamana, akamuuliza alipokuwa mtoto aliamshwa na nini.