Yaya na Mikate Yake Mbele ya Kamera

Kabla hawajamfunga, rafiki yangu alikuwa mtengenezaji wa filamu hapa Kamina, kusini mwa Kongo. Mimi nilikuwa napiga video za harusi na ubatizo tu, na yeye ndiye aliyenifundisha kushika kamera bila kutetemeka. Nilimwita yaya, dada mkubwa, kwa sababu alinizidi miaka michache.

Kosa lake lilikuwa filamu moja. Mkubwa mmoja alitamani kiwanja chenye nyumba za zamani za wafanyakazi wa reli, na wajane waliokaa humo wakaanza kufukuzwa. Yaya akaenda kuwapiga picha wakitoa vitanda na vyungu nje. Siku ya tatu polisi wakamkamata. Alikaa gerezani wiki tano. Alipotoka, kamera yake na picha zote za filamu hiyo zilibaki mikononi mwao, na wakamwambia kwa mdomo, bila karatasi, kwamba wakimwona tena anapiga picha, atarudi ndani.

Akaanza kuoka mikate. Alijenga tanuru la udongo nyuma ya nyumba, na waendesha pikipiki wakawa wateja wake wa asubuhi. Nilimtembelea mara nyingi, lakini kila nilipotaja filamu, alibadilisha mazungumzo.

Siku moja nikamwambia, “Yaya, nataka kutengeneza filamu juu yako.”

Akaendelea kukanda unga, akanijibu kwa Kiswahili cha kwetu. “Minyi niko natengeneza mikate tu. Utaonyesha bantu nini?”

“Njo hiyo nataka kuonyesha.”

Alikataa kwa majuma mawili. Halafu, asubuhi moja, alinikuta mlangoni, akasema niingie, ila nisimwulize habari za gereza.

Sikumwuliza. Nilipiga picha za mikono yake, moto, foleni ya pikipiki. Siku ya nne niliposogeza kamera karibu na uso wake, akafoka, “Weye, jua iko nyuma yangu! Utaona nini? Pita huku!” Nikapita. Akacheka, na kwa mara ya kwanza tangu atoke aliniuliza nilikuwa na betri ngapi. Kuanzia hapo yeye ndiye aliyeniongoza. Na habari za gereza alianza kuzisimulia mwenyewe, akitazama mikate yake, bila kulia.

Filamu ilipokamilika, paroko alitupa ukumbi wa kuionyesha Jumapili mchana, baada ya misa. Tuliziba madirisha kwa vitenge. Wale wajane walikuja wote, hata waliokuwa wamehamia kwa ndugu zao mbali na mji. Alikuja pia afisa mmoja wa polisi tuliyemfahamu, akakaa nyuma karibu na mlango. Yaya alimpelekea mkate kama alivyowapelekea wengine. Akaupokea, akaula, akatazama hadi mwisho, akaondoka. Hatukuitwa popote kuhojiwa.

Taa zilipowaka, mjane mmoja alisimama.

“Mama, ile filamu yetu balibeba. Hautatengeneza ingine?”

Mimi nikajuta kumwingiza katika jambo hili. Lakini yaya akamjibu mara moja.

“Minyi balinikataza. Lakini batoto yenu, nani alibakataza?”

Watu walicheka, wengine wakapiga makofi. Nilidhani yamekwisha pale pale. Jumamosi iliyofuata, nilipokwenda kununua mkate, nilikuta mabinti wanne wa wale wajane wamekaa uani na simu zao, wakingoja yaya awafundishe kupiga picha, na yule mjane aliyeuliza kati yao, kwani alisema binti yake yuko kazini na yeye hawezi kungoja.

Sasa imetimia miezi sita wanakutana. Mjane huyo anapiga picha za chumba anachokaa sasa, na za jirani zake wa zamani wakisimulia nyumba walizotolewa. Mwanzoni kidole chake kilikuwa kinafunika lenzi ya simu kila mara. Yaya hamkaripii kama alivyonikaripia mimi. Anakisogeza kidole, anarudi nyuma hatua mbili, na kumwambia, “Sasa anza.”