Mbuzi Wetu Alishaliwa

Admin, kisa changu kiweke, ila mimi na ukoo wangu utufunike kabisa, maana huku mlimani tunajuana hadi kwa kikohozi. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na sita, mama wa watoto wawili, fundi cherehani hapa Moshi mjini. Kwetu ni Kilema. Sijaja kulia, machozi niliyamaliza Desemba. Nimekuja na hasira zangu, na naomba mnisikilize mpaka mwisho ndipo mseme.

Kila Desemba ukoo wetu unakutana kwa baba mkubwa, binamu yake baba yangu, ambaye ndiye mwenyekiti wa ukoo. Mbuzi wanachinjwa, mbege, pombe yetu ya ndizi, ipo, watoto wa Dar wamejaa. Kwetu nyama haigawiwi kiholela, kila kipande kina mwenyewe, na kidari ni cha wakubwa wa kila nyumba. Baba yangu ana miaka sabini na tatu na ndiye mkubwa wa nyumba yetu, lakini sijawahi kumwona akipewa kidari hata siku moja. Anaitwa mwisho kabisa, watu wameshaanza kujipangusa midomo, anapewa utumbo na kwato, anashukuru. Nikiwa mtoto nilidhani baba anapenda kwato. Jamani!

Basi Desemba iliyopita tuko jikoni tunamenya ndizi za mtori, nikamuuliza shangazi, dada yake baba, kwa nini kaka yake anafanyiwa vile. Akaangalia mlangoni kwanza. Akaniambia, "Mama yake babu yako alinunuliwa." Nikacheka, nikajua utani. Hakucheka. Akasema zamani msafara wa watumwa ulipita huku chini ya mlima ukielekea pwani, na ndani yake kulikuwa na mtoto wa kike wa miaka tisa au kumi, miguu imevimba hawezi tena kutembea. Wenye msafara hawakutaka kucheleweshwa. Mzee wa ukoo wetu akatoa mbuzi mmoja, akaachiwa yule mtoto. Mtoto akawa anamlimia mzee, anamchotea maji, na alipopevuka akamzalia. Mahari ya nini wakati alishamnunua? Shangazi akamalizia, "Ndiyo maana wanasema sisi mbuzi wetu alishaliwa. Hatuna kipande kingine." Ukoo ulimwita Wa Mbuzi mpaka anakufa. Nikauliza jina lake hasa, shangazi akasema babu alimwambia ni Nakiete. Admin, majina mengine yote ficha, hilo liache.

Yeleuwi, sijui niliinukaje pale. Kwetu mwanamke haendi nyama inapokatwa, hilo nalijua tangu utotoni. Nikaenda. Baba mkubwa akaniona, akasema, "We mama, umepotea njia?" Nikamjibu, "Shikamoo baba mkubwa. Sijapotea, nimefuata kidari cha baba yangu." Akaniambia nirudi jikoni nisimharibie shughuli. Nikasema kwa sauti, kila mtu akasikia, "Mnasema mbuzi wetu alishaliwa. Haya, nani alimla? Si wale waliomuuza mtoto? Nakiete hakulamba hata mfupa! Sasa kosa la wajukuu zake ni lipi?" Kidari kilikuwa juu ya jani la mgomba, nikakichukua kwa mikono yangu miwili, nikampelekea baba kwenye benchi la nyuma.

Baba alikipokea. Akakiangalia kwa muda mrefu. Halafu akainuka taratibu, akatembea mpaka kwa baba mkubwa, akakirudisha. "Meku, nisamehe," akasema, ndivyo tunavyomwita mzee wa heshima, "mtoto hajui." Akarudi kukaa. Niwaambie ukweli, saa ile nilimchukia baba yangu kuliko baba mkubwa, na bado sijakaa sawa naye.

Mwezi wa kwanza ukoo ukakaa kikao. Wakaleta habari kwamba kabla ya Pasaka nipande na mbuzi na jani la isale, lile ambalo kwetu ukimpelekea mtu hawezi kukataa kukusamehe, nipige magoti mbele ya wazee wote. Nisipofanya hivyo, baba akifa hakuna atakayekuja kuchimba kaburi wala kubeba jeneza, na kihamba chetu, shamba la urithi tunaloishi, nacho kitazungumzwa. Baba ana ugonjwa wa moyo. Hata kanisani siku hizi hafiki, na wanaolijua hilo ndio haohao waliokaa kikao. Kaka zangu walioko Dar wananiambia, "Sista, achana na mambo ya kizamani, kapige magoti yaishe." Kama ni ya kizamani, mbona kidari bado kinagawiwa? Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Wangepewa wao kwato miaka sabini, tungeongea lugha nyingine.

Isale lipelekwe, sikatai. Lakini walibebe wao, walilete kwa baba yangu, na waende nalo mpaka kule karibu na mfereji alikozikwa Nakiete bila hata msalaba. Msalaba nimeshaagiza kwa fundi, jina lake limeandikwa herufi kubwa. Wakiung'oa nitaweka mwingine. Liwalo na liwe.

Anayenishinda ni mmoja tu. Wiki iliyopita baba alinishika mkono akaniambia, "Peleka isale, mwanangu. Kwato nimekula maisha yangu yote, hazijaniua. Mimi nataka tu nizikwe na watu." Nilijifanya naenda kuangalia chai.

Kwa hiyo ndugu zangu, msijisumbue kuniambia nikapige magoti, magoti sipigi. Msaada ninaoutaka ni huu: Jumapili napanda Kilema, na baba ataniuliza isale liko wapi. Nimwambie nini mzee aliyevumilia kudharauliwa miaka yote hiyo ili tu siku ya mwisho asizikwe peke yake?