Karibu ya Bi Mwanarehema

Bi Mwanarehema wa Magogoni hakuwa mtu wa kuandikwa vitabuni. Alilea watoto sita, akakaanga mahamri miaka thelathini, na chumba cha uani akampangisha Musyoka, fundi wa kurekodi sauti. Lakini kwa jambo moja hakuwa na mfano wake: tangu apate akili hakuwahi kuacha hodi bila jibu. Muuza samaki, karani wa sensa, mwanasiasa, wote walikaribishwa. Hata mwizi mmoja aliyebisha kupima kama nyumbani pana watu aliketishwa, akanyweshwa chai, akaenda zake na haya tele.

Sasa asubuhi moja Musyoka alimleta Roseline Oduor, yule mwigizaji wa jukwaani aliyevuma Mombasa nzima, asimulie hadithi ya watoto: mwanambuzi aliyepotea njia akafika mlangoni kwa Fisi. Kazi iliagizwa na bwana mmoja aitwaye Erastus, tena mgumu wa kuridhika, na Roseline alikuwa na nafasi mpaka adhuhuri tu, kisha aende Shanzu mazoezini. Ikiharibika, Musyoka hangepewa nyingine. Bi Mwanarehema, aliyempenda kama mwanawe, alilijua hilo vizuri.

Magodoro yakaegemezwa ukutani kuzuia kelele. Lakini sauti ya Roseline ilizoea kufika kiti cha mwisho cha ukumbi.

"Hodi!" akaita, kwa niaba ya mbuzi.

"Karibuuu!" likaja jibu kutoka jikoni.

Musyoka akazima mashine, akaenda jikoni. "Mama, nakuomba. Hodi hiyo ni ya hadithi."

"Pole, baba. Ulimi umenitangulia. Sirudii, wallahi."

Akarudia. Mazoea yana taabu. Mara ya nne alijiziba mdomo kwa leso, na neno likapenya vivyo hivyo. Saa tano ikapita, naye akaona kwamba anamvunjia mpangaji wake riziki kwa kinywa chake mwenyewe. Akachukua hamri zima, akalishindilia mdomoni.

"Hodi!" Kimya. "Hodi!" Kimya. Machozi yakamlengalenga. Mgeni yuko mlangoni, na yeye kajaa hamri. "Hodi jamani!"

Kule chumbani Roseline akasita. Miaka ishirini ya jukwaa, na neno lililofuata halikutoka.

"Musyoka, mbona hajibu? Mbuzi nimemwonea huruma mwenyewe. Mlete huyo mama awe Fisi."

Akaletwa, makombo kidevuni. Akaelezwa aseme karibu, basi, tena kwa ukali, kisha mbuzi ashtuke akimbie. Ukali ulimshinda.

"Hodi!"

"Karibu, mwanangu. Keti. Mbona umekonda hivyo, umekula kweli?"

Roseline hakuuangusha mchezo: mbuzi akakiri hajala. Fisi akamtilia chai, akamhimiza aongeze, akamuuliza hali ya mamake, na adhuhuri ikaadhiniwa hajamuuma hata ukwato. Roseline akaondoka akifuta machozi ya kicheko. Musyoka akajishika kichwa, kisha akaipeleka kazi ilivyo kwa kuwa hakuwa na nyingine.

Siku ya pili Erastus akapiga simu. Bi Mwanarehema akasimama kando, tasbihi mkononi.

"Fisi gani huyu?" akauliza Erastus. "Wanangu wamemsikiliza mara tisa. Nataka hadithi sita zaidi, na fisi awe huyo huyo."

Musyoka akambusu Bi Mwanarehema mkono, kisha akamwekea hadithi asikilize tangu mwanzo. Bibi akatulia tuli mpaka neno la mwisho. Uso ukamharibika.

"Kuna nini tena, mama?"

"Huyo mbuzi," akasema. "Kala, kanywa, kisha kaenda zake hata kwaheri hakusema."