Mume Wangu Alinikatalia Kozi ya Kompyuta, Kisha Akanipangusa Machozi

Mhariri, naomba jina langu lifichwe, maana Voi ni ndogo na bosi wangu ana masikio marefu. Mimi ni mama wa miaka thelathini na nne, nina watoto watatu na ndoa ya kanisani. Ni taipisti. Kazi hii ndiyo niliyoianza nilipotoka chuo, na mpaka leo sijui nyingine.

Mwaka jana ofisi yetu ilinunua kompyuta. Wacha mbwembwe! Ilitengewa chumba chake na mapazia, na kwa sababu ya hili vumbi letu jekundu, kila anayeingia anavua viatu mlangoni kama anaingia msikitini. Bosi akaniambia, "Mama, wewe una mkono mzuri wa kufuma, hebu tufumie kitambaa cha kuifunika." Nikafuma, tena kwa furaha, nikatia na maua pembeni. Kila asubuhi mimi ndiye niliyefagia kile chumba na kuipangusa. Lakini siku niliyogusa kibonyezo kimoja tu, bosi alipiga kelele utadhani nimemwaga uji wa mtoto. "Pole pole mama! Hiyo si taipu!"

Sikukasirika. Nilijua zamu yangu inakuja, kwani taipisti ni nani pale? Basi ikatangazwa kozi Mombasa, wiki mbili, akapelekwa karani wa stoo. Nitamwita Mwakio, ingawa si jina lake. Karani wa stoo jamani! Aliporudi, barua zote zikahamia kwake. Mimi nikabaki na bahasha.

Jioni nilikuwa nafika nyumbani nalia. Mume wangu ni mwalimu, hanywi, hanipigi, hilo nitalisema wazi. Alikuwa ananiketisha, ananipangusa machozi kwa leso yake, anamlaani bosi pamoja nami. "Huyo mtu hana shukrani," alikuwa akisema. "Vumilia mama, siku yako itafika." Nikamshukuru Mungu kwa kunipa mume anayenielewa.

Mwezi uliopita bosi alituambia mashine za taipu zinauzwa zote. Asiyejua kompyuta atatafutiwa kazi nyingine. Kazi gani hiyo nyingine, kama si ufagio na birika la chai? Nikamfuata Mwakio, nikamwomba anifundishe saa ya chakula. Akainamisha kichwa. "Dada, mimi sina neno, lakini bosi amenikataza. Si mzee wako hataki?"

"Hataki nini?"

"Kwani hukuambiwa? Jina la kwanza kwenda Mombasa lilikuwa lako. Bosi alimuuliza mzee pale kanisani baada ya ibada, akasema haiwezekani. Ndipo nikapewa mimi."

Nikaingia kwa bosi bila kubisha hodi, na yeye wala hakuona haya. "Mama, ulitaka nimchukue mke wa mtu nimpeleke Mombasa bila kumuuliza mumewe? Hiyo si heshima." Nikamuuliza, na huyo mke, kwa nini hakuulizwa? Na Mwakio, ambaye mkewe alikuwa na mtoto mchanga, nani alikwenda kumuuliza mkewe? Akacheka. Akasema sasa ninaleta siasa.

Nyumbani mume wangu hakukana. "Nilikulinda," akasema. "Wanawake wakienda hizo semina tunajua wanavyorudi. Halafu hapa angepika nani?" Nikamwambia, mwaka mzima umeniona nikilia, umenipangusa machozi ambayo wewe mwenyewe umeyaleta, na umemlaani mtu kwa kosa lako! Akauliza kama chakula kiko tayari. Hilo la kunikatalia ningeweza kulimeza. Lakini ile leso, wasomaji, mpaka leo ikinijia akilini natetemeka kwa hasira.

Sasa kuna kozi nyingine mwisho wa mwezi ujao, na bosi anasema ndiyo ya mwisho. Nafasi yangu ipo, ila anataka mume wangu aje ofisini aseme kwa mdomo wake kwamba amekubali. Mume wangu anasema hatakwenda, na nikilazimisha, nikitoka Mombasa nishike njia ya kwetu Mwanda, nisirudi kwake. Nilimpelekea mama yangu habari hizi, naye akashangaa. "Mwanangu, una mume asiyekunywa, unataka nini tena?" Nataka kazi yangu, mama! Niliisomea, nikaifanya vizuri, na sasa inaondoka hivi hivi nikiiona.

Nisipokwenda, nitawachemshia chai watu ambao jana nilikuwa nawaandikia barua. Nikienda, huenda watoto wangu wakalala bila mama. Nimechoka kuwaza, kichwa kinaniuma. Wenzangu mnaosoma ukurasa huu, kina mama na kina baba pia, ingekuwa ni nyinyi mngeshika lipi?

Na wewe baba watoto, najua gazeti hili hulisoma kabla yangu. Umeshanitambua. Wewe pia nakuomba ushauri, maana mimi nakuuliza kabla sijaamua.