Dada Aliyetarajia Misumari

Kila jioni, kwa miaka thelathini na miwili, fundi cherehani mmoja alifunga kazi kwa namna ileile. Alitoa sumaku iliyofungwa kwenye kamba, akaipitisha sakafuni chini ya meza ya kukatia vitambaa, akasikiliza pini zilizodondoka mchana zikirukia sumaku moja moja. Wateja walimwita Mama Pini, na jina likamganda. Wanagenzi wake aliwaambia hivi: pini usiyoiokota wewe, itakuokota yenyewe kwa unyayo.

Alipostaafu, macho yakiwa hayalioni tena tundu la sindano, alinunua mashine ya kutafutia metali ardhini. Ilikuwa imetumika, na mpini wake mrefu ulikuwa na sahani bapa kwenye ncha. Majirani walimwona akiipeleka kushoto na kulia kando ya barabara, wakasema mama yule kanunua ufagio wa umeme usiofagia. Alicheka nao. Hata yeye alijua kwamba mtu anayetembea saa tatu akisikiliza udongo anastahili kuchekwa kidogo.

Lakini alikuwa na furaha yake, na aliijengea msingi mapema. Hakutoka nyumbani akitarajia dhahabu. Alitoka akitarajia misumari. Mashine ilipolia, alisimama, akasikiliza tena, kisha akabashiri kwa sauti kabla ya kuchimba. “Msumari.” Mara nyingi ulikuwa msumari kweli, naye akafurahi kwa kuwa amepatia. Pengine kilitoka kifungo cha koti, ufunguo au kizibo cha soda, akafurahi kwa kuwa amekosea. Kwa hiyo hapakuwa na siku aliyorudi nyumbani amenuna. Kila shimo alilifukia na kulisawazisha kwa kiganja, kama anavyonyoosha pindo.

Tena alichimba kila mlio. Mashine kama ile hutoa sauti nyembamba, tamu, ikikutana na shaba au fedha, na hukoroma ikikutana na chuma kitupu. Ina kitufe cha kunyamazisha chuma, ili mtafutaji asisumbuliwe na takataka. Mama Pini hakukigusa kamwe.

“Nikichagua cha kusikia,” alisema, “si nimejitia pamba masikioni?”

Maneno hayo alikuwa akimwambia mdogo wake, aliyeendesha malori ya masafa marefu hadi mgongo ukagoma, na ambaye watu wote, hata mkewe, walimwita Dereva. Mama yao alifariki Dereva akiwa hajaanza kutembea, na dada huyu ndiye aliyembeba mgongoni. Sasa Dereva alikuwa na siku ndefu zisizo na barabara. Alipoona dada yake anavyorudi na uso mwepesi, naye akanunua mashine, mpya, pamoja na visikizi vikubwa vya kufunika masikio.

“Wewe, Dada, unatafuta takataka,” alimwambia. “Mimi natafuta kitu.”

“Na usipokipata?”

“Nitakipata.”

“Basi utashinda na hasira mpaka utakapokipata.”

“Bora hasira kuliko mkebe wa misumari. Ukifa tutakuzika nao?”

“Mniwekee na mashine. Nitakuwa jirani na mali.”

Walicheka, lakini dada alikuwa amesema kweli. Kila msumari ulikuwa tusi kwa Dereva. Aliutupa vichakani na kuacha shimo wazi. Wiki ya tatu alibonyeza kitufe kile, chuma kikanyamaza, na tangu hapo alitembea kwa haraka, akiwa mbele daima.

Hivyo ndivyo walivyofika, Jumamosi moja asubuhi yenye mawingu mazito, kwenye uwanja ulio nyuma ya tanuri la zamani la matofali. Zamani wanajeshi walipiga kambi hapo. Mlinzi wa tanuri alimnong'oneza Dereva kwamba walipoondoka walifukia vitu, naye Dereva hakuuliza ni vitu gani. Jumatatu tingatinga lingeanza kazi, kwa hiyo alitaka kuwahi.

Mama Pini hakupenda uwanja ule tangu alipoukanyaga. Nyasi zilikuwa nzuri, zimefika magotini, ilhali njia ya mbuzi iliuzunguka kwa nje bila kukata katikati hata mara moja. Kulikuwa na nguzo ya kibao, lakini kibao chenyewe hakikuwepo. Na mashine yake, tangu hatua ya kwanza, ilikoroma bila kupumzika.

“Msumari,” alibashiri, akachimba.

Kilitoka kipande cha chuma kinene, kilichopinda kidogo kama kigae cha mtungi. Alikiweka kando. Hatua mbili mbele alibashiri tena, akapata kipande kingine kama kile. Cha tatu kilikuwa hivyo hivyo. Kwa mara ya kwanza, kukosea hakukumfurahisha.

Alikigeuza kile cha tatu mkononi. Alikuwa ameshika mkasi maisha yake yote. Ukingo uliokatwa na ukingo uliochanika aliweza kutofautisha hata gizani. Chuma hiki hakikukatwa wala kuvunjwa kwa nyundo. Kilichanika, na kilichanika kutoka ndani kwenda nje. Aliinua macho. Hapo ndipo alipoona kwamba uwanja wote, chini ya zile nyasi, ulikuwa na mabonde madogo ya mviringo, makumi, kama mabeseni yaliyofukiwa nusu.

Dereva alikuwa hatua hamsini mbele. Alikuwa ameshatupa sepeto na kushika sururu.

“Dereva,” aliita. Akaita tena, mara hii kwa jina alilopewa na mama yao. Hakugeuka. Visikizi vilikuwa masikioni.

Kukimbia kulikuwa rahisi, lakini ardhi yote kati yao ilikuwa ikikoroma. Mama Pini alitazama nyasi zilizolazwa na viatu vya mdogo wake, akaweka mguu pale alipoweka yeye, kisha mwingine, taratibu, huku sururu ikipanda na kushuka. Kila iliposhuka, alisimama. Alipokuwa karibu vya kutosha, aliokota bonge la udongo na kumtupia mgongoni.

Dereva alivua visikizi, uso umejaa jasho na furaha. “Dada, umenusa? Njoo usikie. Shaba tupu, mlio kama kengele.”

“Weka sururu chini.”

“Usianze. Tutagawana, mimi si mchoyo.”

“Nimesema weka chini.” Alipitisha sahani ya mashine yake juu ya shimo. Kwenye ncha moja ililia kwa utamu, kama Dereva alivyosema. Kisha ikaanza kukoroma, ikakoroma urefu wa mkono mzima kabla ya kunyamaza. “Umesikia? Shaba yako imekalia chuma.”

“Kwangu ni kimya.”

“Kwako umekizima mwenyewe.”

Akamwonyesha kile kipande kilichochanika. “Hiki kimelipuka.” Dereva alikitazama kama mtu anayeonyeshwa msumari mwingine.

“Hicho ni kipande cha pipa. Dada, Jumatatu wanafukua hapa. Nimebakiza mapigo mawili. Rudi nyuma, udongo usikurukie.” Akainua sururu.

Mama Pini hakubishana tena. Alishuka akaketi shimoni, polepole, miguu imekunjwa pembeni, na mwili wake ukaziba pale pote ambapo ncha ya sururu ingeangukia.

“Haya, piga,” alisema.

“Toka, Dada.”

“Sitoki.”

“Utoto gani huu?”

“Ulipougua surua nilikubeba mwezi mzima, hukutaka kushuka. Leo na mimi sitaki kunyanyuka.”

Sururu ilibaki hewani kwa muda ambao Mama Pini hakuweza kuupima. Kisha ikashushwa, ikalazwa nyasini. Alipoona mikono ya mdogo wake i mitupu, alisogea kando na kupangusa udongo kwa ncha za vidole, kama anayetoa uzi kwenye hariri. Ulitokeza mwili wa chuma wenye kutu, mnene kama paja la mtu, umevikwa pete ya shaba. Juu ya pete, upana wa kidole kimoja tu, palikuwa na mkwaruzo mpya, mweupe.

Dereva alitambua pigo lake. 

Walirudi kwa nyayo zilezile, dada mbele. Wakiwa barabarani, Mama Pini alipiga simu polisi, akaambiwa wakae mbali, wasimruhusu mtu kupita, wataalamu wa mabomu wanakuja. Dereva aliketi ukingoni mwa mtaro. 

“Dada.”

“Nakusikiliza.”

“Juzi nilikuja peke yangu. Nilitoa kimoja. Kidogo, kama chupa, kichwa chake cha shaba. Nikakisugua na mchanga mpaka kikang'aa.”

“Kiko wapi?”

“Nyumbani. Mama watoto alikipenda. Anazuilia mlango wa sebuleni, upepo usiubamize.”

Mama Pini alitazama nyasi za uwanjani. Zilikuwa zimeanza kulala upande mmoja kwa upepo. Akapiga simu.

“Wifi, hujambo. Uko wapi?”

“Niko jikoni. Vipi, mmepata almasi?”

“Uko na nani?”

“Peke yangu. Mbona sauti hiyo, wifi? Dereva kaanguka?”

“Yuko hapa, mzima. Nisikilize. Usiende sebuleni. Kile chuma cha mlangoni usikiguse, wala mlango usiuguse. Toka kwa mlango wa nyuma sasa hivi, bila viatu kama huna hapo.”

Kiti kiliburuzwa. Kisha kitasa, kuku wakikimbia, pumzi za mtu anayetembea haraka.

“Nimetoka. Niko nje ya uzio. Wifi, nimeacha sufuria jikoni, itaungua.”

“Iache iungue.”

Dereva alikuwa ameinamisha kichwa, akitaja kwa sauti ndogo majirani wa ukuta wa kulia, kisha wa kushoto, na idadi ya watu wa kila nyumba. Dada yake alitafuta namba zao, akaanza kuwapigia mmoja baada ya mwingine. Wa kwanza hakupokea.